Chubwi Chini, Ndoana Juu

Enzi zetu sisi, samaki alikuwa hana haja ya kujua Kiingereza. Wewe unayenisoma, kama umri wako ni wangu na ulizaliwa kule nilikozaliwa mie, utanifahamu. Mtu alikuwa na mshipi, ndoana, chubwi la risasi la kuzamishia, na kipande cha pweza, kwisha. Leo mjukuu wangu Ruqaiya akitaka kwenda kuvua hupakia gari kama anahama nyumba: fimbo tatu, sanduku la vyumba vyumba kama la dawa, funza wa plastiki wa rangi ya waridi wanaonuka thomu, na simu ya kumwambia maji yanajaa saa ngapi. Sisi maji yakijaa tulikuwa tukirowa.

Nakaa Ibra. Ibra haina bahari. Ina mitende, ina falaji, mfereji wa maji, inayopita nyuma ya ukuta wetu, ina soko la Jumatano la wanawake peke yao, ninapokwenda kununua udi na kukaa kivulini nikisikiliza Kiarabu cha wenzangu kinachokwenda mbio kuliko masikio yangu. Zaidi ya miaka hamsini niko Oman, na mpaka leo nikisema maneno mawili mtu ananiuliza, wewe wa wapi? Mume wangu katangulia. Watoto wako Maskati, ila Salim, mkubwa, ndiye ninayekaa naye na mkewe. Watu wazuri, Mungu awape, lakini Kiswahili chao ni cha kuombea chai tu. Sukari wanaijua. Ukitaka kuwaambia kuwa moyo umekunyong'onyea, huna pa kuanzia.

Nataka kusema habari ya kuvua, na siwezi kuisema bila ya kumsema Nassor, kaka yangu, aliyenipita miaka minne.

Nyumba yetu ilikuwa Funguni, Unguja mjini. Ukitoka mlango wa uani unasikia harufu ya pwani kabla hujaiona. Asubuhi chuoni, kila mtoto na sura yake ya Kurani na sauti yake, na Maalim kasinzia, lakini ukikosea irabu moja tu bakora inaamka kabla yake. Skuli nilikwenda miaka mitatu, ndo mana maandishi yangu mkiyaona yanakwenda upogoupogo msinicheke. Adhuhuri wali na mchuzi, watu wazima wanalala, mji unanyamaza. Hapo ndipo utoto ulipoanza. Wasichana wenzangu walikaa barazani wakicheza mdako, vijiwe vinaruka, mikono inadaka. Na mie nilicheza, tena hodari, lakini sikio langu liko uani nangojea mluzi wa Nassor. Ukilia tu, nasema nakwenda kwa bibi mzaa mama kumtilia uzi kwenye sindano. Bibi macho yalikuwa mabovu kweli, basi uongo wangu ulikuwa na nusu ya ukweli ndani yake. Mama alikuwa na neno lake: "Mtoto wa kike, mchanga wa pwani usimjue mguu." Mchanga wa Funguni ulinijua miguu yote miwili.

Msidhani Nassor alinichukua kwa mapenzi. Alikuwa hana mwengine. Alikuwa na kigugumizi, na wenziwe walimcheza shere mpaka akawakimbia. Pwani hapana haja ya maneno. Hata kuungua aliungua kwa kigugumizi. Risasi tuliiokota kwenye betri mbovu nyuma ya gereji ya Mgoa mmoja, tukaiyayusha kwenye kopo la maziwa juu ya makaa, tukaimimina kwenye vishimo vya mchanga tulivyovitoboa kwa dole gumba. Ikiganda, chubwi hilo. Siku moja mchanga ulikuwa na maji, risasi ikaruka ikamwangukia mkononi. Akapanua kinywa kumwita mama. "M-m-m-m..." Mpaka neno linatoka, maumivu yameshapungua, akaona haina haja tena ya kuita. Tulicheka tukalala chini. Alama ile alikwenda nayo kaburini.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Wavuvi wengi kwetu walifunga chubwi juu na ndoana chini, chambo kikalala mchangani, changu akaja kukidonoa. Penye mchanga ni sawa. Lakini sisi tulivua penye mawe, anakokaa chewa, na penye mawe ndoana ikilala chini huvui samaki, unavua jabali. Kila siku tukikata ndoana, na ndoana zinauzwa. Nassor akakaa siku mbili anafikiri, chakula hakimpiti vizuri, ndipo akapindua kila kitu. Chubwi likawa chini kabisa, mwisho wa mshipi. Ndoana ikapanda juu yake shibiri moja na nusu, kaifunga ubavuni inachomoza kama kidole cha shahada. Chubwi linakaa juu ya jabali, chambo kinaelea mbele ya mlango wa chewa, chewa anainua macho anakiona. Na hila nyengine juu ya hiyo: pale penye chubwi hakufunga kwa mshipi wenyewe, alifunga kwa uzi mbovu, uzi wa kushonea kanzu. Chubwi likinasa unavuta, uzi mbovu unakatika, linapotea chubwi peke yake, na mshipi na ndoana vinarudi kwako. "K-kinachokaa chini," alisema, "k-kifunge kwa uzi wa kukatika."

Ndoana ya changu ni ndogo, maana changu ana kinywa cha bibi harusi. Ya chewa ni shingo fupi, tumbo kubwa. Mshipi ukiwa mnene unamfukuza samaki, ukiwa mwembamba unakukata kidole. Maji yakiwa meupe, bora ukatwe. Na wakati wa bamvua, maji yanapokwenda kwa nguvu, chubwi zito. Wakati wa maji mafu, chubwi jepesi. Haya hatukuyasoma popote.

Na mkono usiwe na pupa. Chubwi litulie, chambo kicheze. Unakaza mshipi mpaka unaisikia risasi chini, halafu unatetemesha kidole kidogo tu, kama mtu anayevuta tasbihi. Changu akija anagonga, tk tk, kama mgeni mwenye adabu. Chewa hapigi hodi. Chewa ananyang'anya. Ukichelewa anarudi shimoni kwake, anatanua mashavu, na hapo hata ukiuita mtaa mzima hatoki. Dawa yake ni kulegeza mshipi na kunyamaza, ujifanye umekwenda zako. Akidhani umeondoka, anatoka mwenyewe.

Na niseme kweli, maana sina tena wa kumuonea haya: nilimshinda Nassor. Kidole changu kilikuwa chembamba, kilisikia mpaka kaa akipita karibu ya chambo. Akivua mmoja, mie wawili. Lakini nyumbani sikuwahi kuvua hata dagaa. Yeye ndiye aliyeingia na utungo wa samaki kwa mlango wa mbele. Mie nikizunguka uani, nimeshaosha miguu. Mama akifurahi: "Mashallah, mwanangu Nassor ana mkono wa baraka!" Baba akimmegea kichwa cha chewa, heshima ya mvuvi. Mie nakula kimya kando ya sinia, na Nassor ananifinya mguu. Miaka mitatu samaki wangu wote waliliwa kwa jina la Nassor. Ilibidi iwe hivyo. Baba angelijua, mie ningelipigwa na yeye angelipigwa zaidi.

Nilipotimia miaka kumi na moja nikavishwa buibui, nikawekwa ndani. Hakuna aliyejua kuwa nimenyimwa kitu, maana hakuna aliyejua kuwa nilikuwa nacho. Halafu ukaja mwaka ule, mnaujua, sina haja ya kuutaja, na baadaye tukaja huku. Mungu kwa mapenzi yake akatutupa sisi watu wawili wa pwani mahali pasipo pwani: mie Ibra, Nassor Nizwa. Kila siku baada ya alasiri alinipigia simu. Na nikwambieni ajabu: kwa Kiarabu alikuwa hakwami hata kidogo. Dukani, ofisini, msikitini, anasema kama maji. Akisema na mie tu ndo ulimi unakwama. "Z-Z-Zuwe," ananiita, na mie nangojea hapo kwenye herufi ile, sina haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu ya Funguni, ile sauti iliyokwama.

Amekufa mwaka jana. Siku ya tatu ya matanga, nyumbani kwake Nizwa, watu wanakula harisi, mie nikasema kwa sauti: "Nani tena atakayejua kuwa mimi nilikuwa nikivua?" Salim akaniinamia, taratibu, kama unavyomwinamia mtoto, akasema kwa Kiarabu. "Mama, hayo si ya mjomba? Yeye ndiye aliyekuwa akivua. Alikuhadithia, ukadhani ni yako. Umri huo mambo yanachanganyika." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilipolala nikaanza kujiuliza: jee, kama kweli? Kama nilikaa barazani na mdako wangu siku zote, na pwani ile niliisikia tu? Nani wa kumuuliza? Mtu akifa huondoka na vyake. Nassor kaondoka na vyangu.

Miezi ikapita. Nilikuwa nikikaa kwenye falaji, natumbukiza uzi wenye kokoto, vile visamaki vya kula ngozi za miguu vinauzunguka, nangojea kidole kikumbuke. Jirani akaniona, akamwambia mke wa Salim, mke wa Salim akamwambia Salim. Nikaletewa vidonge vya usingizi.

Ndipo akaja Ruqaiya. Huyu ni binti wa Salim, anafanya kazi ofisi ya serikali Izki, ana mumewe na gari lake, na wikiendi huenda Sur, mji wa pwani, kuvua. Mwanamke! Mchana kweupe, na babake anampakilia barafu. Nikimwangalia sijui nifurahi au nilie. Alhamisi ile alikuja kulala kwetu, akamwaga vitu vyake juu ya busati.

"Shikamoo Bibi. Ona, nimejifunza ufundi mpya. Inaitwa dropshoti. Ya Wamerika. Wanakamata samaki ya maji tamu, jina yake bas."

"Basi?" nikamuuliza. "Samaki anaitwa basi? La kupanda au la kunyamaza?"

"La, Bibi! Bas, bas!"

"Haya, nimenyamaza."

Akacheka, akaninyanyulia mshipi wake. Risasi chini kabisa. Ndoana juu, shibiri moja na nusu, inachomoza ubavuni kama kidole cha shahada.

"Nani kakufundisha hii?"

"Mzungu mmoja, kwenye simu."

"Na huyo Mzungu kaipata wapi? Hii ya kaka yangu Nassor. Na mie nimeivulia miaka mitatu."

Ruqaiya akamtazama babake. Salim akatabasamu lile tabasamu la kuwatabasamia wazee. Hapo nikaona uchungu kweli, nikasema: "Nipelekeni Sur. Nikishindwa, habari hii hamtaisikia tena kinywani mwangu. Nitajua na mie kuwa niliota."

Asubuhi ya Ijumaa tukaenda, mie na Ruqaiya tu. Kwanza tukapita duka la vitu vya kuvulia, maana zile risasi zake zilikuwa za madini gani sijui, nyepesi kwa macho, ghali kwa mfuko. Nikataka risasi yenyewe. Sasa, kwetu wanamaji wazee chubwi wakiliita bildi pia, na nilijua kuwa bildi ni la Kiarabu. Lakini miaka yote hii nimefundishwa kuwa Kiarabu changu kimevunjika, basi nikaona kulitamka bildi ni Kiswahili chetu hicho, wacha niliweke sawa. Nikasimama mbele ya mwenye duka, mzee wa makamo yangu, nikamwambia kwa adabu zote: nataka balad.

Akanitazama. "Balad? Nchi? Nchi gani, mama?"

"Yoyote," nikasema, "maadamu ni nzito."

Ruqaiya akashika mlango kwa kicheko. "Bibi, sema bild! Bild! Balad ni nchi, umekwenda kununua nchi!" Kumbe nilivyolisema siku zote ndivyo, nililiharibu kwa kulitengeneza. Yule mzee hakucheka. Alinipa risasi sita kwenye karatasi, akasema, "Nchi hatuna, mama. Ungelipata na mie ningelikuomba kipande." Sijui kwao wapi. Sikumuuliza.

Tukakaa kwenye mawe upande wa Ayja. Ruqaiya akanipa fimbo. Nikaishika, nikarudisha. Fimbo inasikia yenyewe, wewe inakupa habari za kuambiwa. Nikamwambia anikatie mshipi mtupu, tukauzungushia chupa ya maji. Funza wa waridi nikamwachia mwenyewe. Chambo changu kilikuwa mkia wa pweza kutoka sokoni. Uzi mbovu nikauchomoa kwenye pindo la leso yangu. Tundu la ndoana sikuliona, akanipitishia yeye. Lakini fundo hakunifungia mtu. Vidole vilikwenda vyenyewe, na mie nikivitazama kama vya mtu mwengine.

"Bibi," akasema Ruqaiya polepole, "hii fundo nani amekufundisha?"

Nikatupa. Chubwi likashuka, likagota. Nikakaza. Nikatetemesha.

Kimya. Jamani, kidole kilikuwa kimekufa. Kile kidole kilichomsikia kaa, sasa kina uvimbe kwenye kifundo na ngozi kama ya kiatu, hakisikii kitu. Nilibadilisha mkono, vivyo hivyo. Nikafikiri: ndo hivyo, Salim kasema kweli. Halafu sijui nani aliniambia, nikauinua mshipi nikaugusisha mdomo wa chini. Ngozi ya mdomo haizeeki sana. Hapo nikasikia. Risasi juu ya jabali. Maji yanapita. Tk tk.

"Bibi, unafanya nini? Unakula uzi?"

"Changu," nikasema. "Anapiga hodi. Si yeye ninayemtaka."

Tukakaa. Jua likapanda. Halafu mshipi ukanyakuliwa, mara moja, mpaka chupa ikaniruka mapajani. Kabla sijaukamata vizuri alishaingia shimoni.

"Vuta, Bibi! Vuta, atapotea!"

"Nyamaza."

"Bibi, wallahi atapotea!"

"Nimekwambia nyamaza. Tumekwenda zetu."

Nikalegeza. Nikahesabu sijui mara ngapi, nikasoma Kulhuwallahu, nikarudia. Mshipi ukasogea kidogo, upande. Anachungulia. Nikauvuta kwa mikono miwili na magoti na kila kilichonibakia.

Alikuwa chewa, urefu wa mkono mpaka kiwiko, madoadoa kama niliyoyajua. "Hamur!" akapiga kelele Ruqaiya, "Bibi amekamata hamur!" Akanipiga picha, akampigia babake. "Baba, kwa mkono! Bila fimbo! Amenyamaza mpaka akatoka mwenyewe, wallahi sijaona kitu kama hii!" Akanipa simu. Salim akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia hapana cha kusamehe, awaambie wachemshe wali.

Njiani kurudi Ruqaiya akaniambia, "Nihadithie yote, Bibi." Nikamhadithia: kopo la maziwa, mluzi, kichwa cha chewa kwenye sahani ya Nassor. Naam, Bibi. Mashallah, Bibi. Kila neno alilipokea. Niliyemtaka nimempata, mtu mmoja wa kujua, na raha ilinishuka kifuani kama maji ya falaji. Tulipopita Kamil sijui nini kilinishika, nikamwambia: "Na siku moja nilivua chewa mkubwa kuliko Nassor. Akanivuta nikaanguka majini, nikampanda mgongoni, akanichukua mpaka Chapwani, kile kisiwa, nikarudi magharibi."

Nikangojea.

"Mashallah, Bibi!" akasema Ruqaiya, macho barabarani. "Wewe ulikuwa jasiri sana."

Nikageuza uso dirishani. Enzi zetu mtu hakuwahi kuumaliza uongo wa samaki. Ukifika nusu tu, yuko aliyekuwapo, anapasua kicheko, anakwambia muongo wee, alikuwa sawa na kiganja na ulilia. Sasa naweza kusema nitakalo. Nimtie mbawa nikipenda. Hapana hata mmoja wa kunikata kauli.